Watson Chomba na Usiku wa Pili

Watson Chomba alikuwa na ugonjwa usio na dawa. Hakuweza kuona mtu anadhulumiwa akanyamaza, na hakuweza kumpiga aliyemdhulumu. Mwenye la kwanza peke yake huwa mwanasiasa. Mwenye la pili peke yake huwa mchungaji, akapewa kuku Jumapili. Watson alibeba yote mawili, na aliyeijua gharama yake ni mkewe Reine, maana ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto kila aliporudi nyumbani amevimba.

Hapo Kabuta, kando ya ziwa Mweru lililo mpakani na Kongo, walimwita Mkeka, kwa kuwa yeyote aliweza kumkalia. Yeye mwenyewe alilicheka jina hilo. Reine hakulicheka.

Ubishi wake aliurithi. Babu yake alikuwa mpishi wa mwalimu mmoja wa misheni, Mskoti mwembamba ambaye huko kwao alifungwa gerezani kwa kukataa kushika bunduki wakati wa vita kuu. Mskoti huyo alikuwa akija jikoni, anasimama karibu na moto, anamwambia mpishi wake kwamba anayefanya kazi ndiye apaswaye kula kwanza, na kwamba hakuna mtoto aliyezaliwa ili apigwe risasi. Halafu alirudi mezani akaandaliwa chakula na mpishi yule yule, lakini hilo babu hakulitia maanani. Aliyachukua maneno kama yalivyo, akampa mwanawe, na mwana akampa Watson pamoja na jina la mwalimu. Kuna watu wanarithi ng'ombe, Reine alikuwa akisema. Mume wangu amerithi mahubiri ya jikoni.

Mahubiri hayo Watson aliyageuza kuwa siasa, na siasa yake yote ilikuwa jambo moja. Pwani ile ya ziwa, mwenye mitumbwi na nyavu hamlipi kibarua mshahara. Vibarua wanamvulia wiki nzima, kisha usiku mmoja unakuwa wao: samaki watakaoingia wavuni usiku huo wanagawana wenyewe. Upepo ukivuma usiku huo, imekula kwao, wangoje wiki nyingine. Watson alitaka usiku wa pili. Hakutaka mitumbwi ya mtu wala nyavu za mtu. Alitaka usiku mmoja zaidi, basi, ili mwanamume aliyelowa wiki nzima awe na kitu cha kupeleka nyumbani.

Aliwahi kuwa diwani kwa muhula mmoja. Wakubwa wawili waligombana wenyewe kwa wenyewe, na yeye akapita katikati yao akiwa na baiskeli na kipaza sauti cha kuazima. Barazani alisimama kila kikao kusema juu ya usiku wa pili, mpaka wenzake wakawa wanatoka nje kuvuta sigara akianza tu. Uchaguzi uliofuata vijana wa upande mwingine walimshusha kwenye baiskeli wakampiga mbele ya soko. Vijana wake mwenyewe walikuja mbio wakiwa na minyororo na mawe. Watson, damu ikimtoka puani, akawaambia warudi nyumbani. Wakarudi kweli, na hawakuja tena, maana kwa wapinzani wao kulikuwa na bia na ruhusa ya kupiga. Alishindwa uchaguzi huo, akashindwa na uliofuata, akabaki na chama cha vibarua alichokianzisha mwenyewe.

Reine alimpata wakati wa udiwani. Yeye ni Mkongomani wa upande wa Mitwaba, huko ndani kusiko na ziwa. Watu wenye silaha walimuua baba yake uani, na yeye akavuka mpaka pamoja na mama yake na mdogo wake Dany, wakapokewa Mantapala kwenye makazi ya wakimbizi, wakapewa kiwanja cha kulima mihogo. Watson alikuja kule kuulizia habari za kisima. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuuzia samaki, na Reine alipomsikia akihutubia watu kwa maneno ya kupatana bei, alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Hakuwa amecheka tangu siku ile ya uani. Alimpenda kwa hilo, na mengine yalikuja baadaye.

Dany hakucheka. Dany alikuwa na hasira iliyomkondesha. Vijana fulani walimpelekea habari kwamba kuna kundi linawapokea watu kule nyumbani, kwamba bunduki ipo, na waliomuua baba yake wanajulikana kwa majina. Alikwisha funga mzigo wake Watson alipofika. Walikaa nyuma ya nyumba mchana kutwa, na Reine aliwasikia akiwa anapepeta unga.

"Ukienda kule utaua mutoto ya mutu mwingine," Watson alimwambia. "Kisha ndugu yake atakutafuta weye. Ikala huku, shemeji. Ziwa iko, itakulisha."

"Na damu ya papa?" Dany akauliza juu ya baba yao.

"Damu ya papa hairudi, ata ukimwanga ya batu bote."

Dany akafungua mzigo. Mama yao, Mama Noëlla, alipiga magoti palepale kwenye vumbi akamshukuru Mungu. Reine naye alimtazama mumewe akaona kwamba, pamoja na kushindwa kwake kote, mtu huyu amemwokoa ndugu yake. Miaka iliyofuata, kila alipochoka na mahubiri ya jikoni, alikuwa akilikumbuka hilo na kunyamaza.

Kisha ukaja mwaka wa mgomo.

Ziwa Mweru hufungwa kila mwaka. Ikifika Desemba nyavu zinatolewa majini, na hakuna kuvua mpaka Februari iishe, ili samaki wazae. Kwa hiyo Novemba ni mwezi wa vurugu. Malori ya wafanyabiashara yanatoka Kitwe na Ndola yanajipanga njiani, bei inapanda, na wenye mitumbwi hawalali. Watson alikaa akapiga hesabu yake. Akaona kwamba huo ndio wakati tajiri anahitaji vibarua kuliko wakati wowote. Vibarua wakikaa ufukweni Novemba, tajiri atatoa usiku wa pili kabla wiki haijaisha.

Hesabu ilikuwa nzuri. Ilisahau tumbo tu. Mtoto yeyote wa Kabuta angemwambia kwamba Novemba ndiyo inayolisha Januari. Zile siku chache za mwisho ndizo vibarua wanazokaushia samaki wa kula wakati wa mvua, ziwa likiwa limefungwa na mihogo ikiwa bado michanga. Kumgomesha kibarua Novemba ni kumnyang'anya sahani ya miezi mitatu ili umtishe mtu mwenye ghala.

"Papa Watson," Reine alimwambia, "hii njo mwezi batu banakamataka chakula ya mvua. Ukifunga sasa, unafunga midomo ya batoto."

"Kingsley naye anataka samaki mbele ziwa ifungwe. Atachoka mbele yetu."

"Kingsley iko na duka. Weye uko na mudomo."

Kingsley Musonda ndiye aliyekuwa na mitumbwi mingi kuliko wote, hapo Kabuta na kwenye kambi za kisiwa cha Chisenga. Hakuwa mtu mbaya wa hadithi. Alimsalimia Watson vizuri barabarani, akamuulizia hali ya mama mkwe wake. Vibarua walipokaa chini kwenye mchanga na kusema hawapandi mtumbwi, Kingsley hakutukana mtu. Alipeleka lori Mantapala kuchukua wakimbizi.

Dany alipita kwanza kwa dada yake, Watson akiwa mkutanoni.

"Ration ya chakula ilipunguzwa tena, dada. Mama anakohoa. Shemeji anasema batu basitumike kazi. Bon. Yeye atatupatia nini?"

Ndani ya nyumba ya Reine mwenyewe kulikuwa na unga wa siku hiyo tu, na aliyeuleta ni jirani aliyewahurumia. Reine alimuuliza kitu kimoja.

"Unajua kuogelea?"

"Tutakuwa ndani ya bwato, dada, si ndani ya mayi."

Alimpa koti la Watson la mvua. Watson aliporudi hakumwambia. Alijisemea kwamba ni siku chache, ziwa litafungwa na mambo yataisha.

Habari kama hiyo haikai gizani Kabuta. Baada ya siku mbili vibarua wote walijua kwamba wakimbizi ndio wanaovuta nyavu zao, na mmoja wao ni shemeji wa Mkeka. Royd, ambaye alikuwa mkono wa kulia wa Watson katika chama, hakumuuliza lolote. Asubuhi, mitumbwi ilipokuwa inarudi, aliwaongoza wenzake ufukweni wakiwa na makafi na mapanga. Walisimama wakingoja. Kwenye mitumbwi wale wageni waliwaona, wakaacha kupiga makafi, wakabaki wanaelea. Hawakuwa na pa kwenda. Nyuma yao ni ziwa lote na Kongo waliyoikimbia.

Reine alifika akikimbia, akaliona koti lile kwenye mtumbwi wa mbele. Watson alikuwa amekwisha ingia majini. Alisimama kati ya mitumbwi na watu wake, maji yakimfika kiunoni, mikono imening'inia tu. Alisema kwa Kibemba, kisha akasema tena kwa Kiswahili ili wale wa kwenye mitumbwi nao wasikie.

"Hawa hawakutuibia usiku wetu. Hawa banalala njaa sawa siye. Mukimupiga mumoja wao, mugomo imekufa."

"Imekufa tayari," Royd akasema. "Toka, mukubwa."

Hakutoka. Royd akampiga kwa kafi begani, pigo la mtu anayelia, na lilisikika mpaka kwenye nyumba. Watson alizama goti moja, akainuka, akasimama palepale bila kuinua mkono. Royd aliinua kafi tena. Likakaa juu muda mrefu, halafu akalitupa majini na kuondoka, na mmoja mmoja wengine wakamfuata. Mitumbwi ikafika ufukweni. Dany alishuka akapita karibu na shemeji yake bila kumtazama usoni.

Kwa mara ya pili Watson alikuwa amemwokoa shemeji yake, na Reine aliona fahari. Lakini mgomo uliishia pale pale majini. Jioni nusu ya vibarua walikwenda kwa Kingsley kuomba kazi, kofia mkononi, na Kingsley akawachukua, akawachanganya na wakimbizi. Usiku wa pili haukutajwa na mtu.

Siku ya mwisho kabla ya ziwa kufungwa ilikuwa bado haijafika upepo ulipokuja alasiri moja kutoka upande wa Kongo. Mtumbwi aliokuwamo Dany ulipinduka karibu na Chisenga. Wenzake wawili, watu wa ziwa, waliushika mtumbwi wakaelea nao mpaka wakaokotwa. Dany hakujua kwamba unatakiwa kuushika mtumbwi na kuacha kila kitu kingine. Alishika wavu, walisema, kwa sababu aliambiwa wavu ni wa tajiri usipotee.

Hapo kuna desturi ambayo haikuandikwa popote na hakuna aliyehitaji kuiandika. Maji yakimchukua mtu, nyavu hazitegwi mpaka yarudishe mwili na mwili uzikwe. Mitumbwi inatoka kutafuta tu. Tajiri na kibarua, wote wanakaa. Mwanzoni ilikuwa hivyo kwa Dany pia. Walimtafuta siku nzima, wakamtafuta siku ya pili, Royd akiwa mmoja wao, na hawakumpata. Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho. Kesho yake ziwa linafungwa.

Jioni hiyo Kingsley aliwakusanya vibarua ufukweni. Alivua kofia kwanza, akatoa pole kwa familia. Kisha akasema anajua wameumia mwezi huu, na anajua watoto wao watakula nini Januari, yaani hakuna. Akasema usiku huu anawaachia. Mitumbwi yake, nyavu zake, samaki wao. "Mulikuwa munaomba usiku ya pili," akasema kwa sauti ya upole kabisa. "Njo huu."

Watu walitazama chini. Hakuna aliyesema kwamba mgeni hahesabiwi, lakini Reine alilisikia likipita kimya kutoka uso hadi uso. Angekuwa mtoto wa Kabuta, hakuna mtu angegusa wavu. Walianza kwenda kwenye nyavu, taratibu, kama watu wanaoenda kuchota maji kwenye kisima cha jirani waliyegombana naye.

Reine alikimbia nyumbani akarudi na shoka. Alimtia mumewe shoka mkononi.

"Pasula bile byato," akamwambia, akionyesha mitumbwi. "Kimoja tu. Kimoja kinatosha, batasimama."

"Reine."

"Ndugu yangu iko ndani ya mayi. Balitaka kumupiga, ukasimama. Sasa banataka kutembea juu yake. Simama na shoka."

"Nikipasula kimoja, batanipiga, na bengine batapigana sababu yangu. Nitasema nao."

"Umesema nao maisha yako yote."

Aliweka shoka chini kwenye mchanga, kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto. Akaenda kusimama mbele ya mitumbwi akasema. Alisema vizuri. Reine, ambaye aliyasikia mahubiri yake yote, hakuwahi kumsikia akisema vizuri kama siku ile. Aliwaambia kwamba tajiri hajawapa usiku, amewauzia, na bei yake ni mtu aliye chini ya maji. Aliwaambia kwamba heshima ya mgeni ni heshima yao wenyewe. Walimsikiliza mpaka mwisho. Wengine walifuta macho. Kisha wakazibeba nyavu wakampita, huyu kulia, yule kushoto, wakimwambia "pole, mukubwa," kila mmoja alipopita, wakaisukuma mitumbwi majini.

Reine alilitazama shoka. Aliweza kuliokota mwenyewe, na mpaka leo hajui kwa nini hakuliokota. Labda naye alikuwa amekaa na mtu yule miaka mingi mno.

Alfajiri mtumbwi wa Royd ulirudi kabla ya mingine yote, na watu waliokuwamo hawakuwa wakipiga kelele za samaki. Dany alikuwa wavuni. Royd aliukata wavu kwa kisu ili amtoe bila kumburuta, akamfunika kwa koti lake mwenyewe. Samaki walikuwa wengi kuliko siku yoyote ya mwaka huo, kwenye mtumbwi huo na katika mingine iliyokuja nyuma. Wakawamwaga wote ziwani. Samaki wa usiku ambao wavu umetoa maiti haliwi wala hauzwi, na madereva wa malori walipopata habari waliwasha injini wakaondoka bila kuuliza bei.

Royd alikwenda kwa Kingsley kusema kwamba vibarua hawana kitu. Kingsley alisikitika sana. Alisema angependa kusaidia, lakini wao wenyewe walikuwa wakitaka usiku uwe wao, na usiku ukiwa wako, hasara yake nayo ni yako. Wavu uliokatwa aliusamehe.

Walimzika Dany Mantapala, kando ya shamba la mihogo la mama yake. Vibarua walikuja kwa baiskeli kuchimba kaburi. Watson alichimba pamoja nao kwa mkono mmoja, maana bega lilikuwa halijapona. Walipopumzika, Reine alimsikia akimwambia Royd polepole kwamba kosa lilikuwa la mwezi, kwamba mwaka ujao waanze Aprili. Royd aliitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mgonjwa. Hapo ndipo Reine alipojua kwamba mumewe hatabadilika, wala hatashinda, na kwamba watu wataendelea kumpenda na kumpita.

Kwao kina Reine, mama mkwe na mkwe wa kiume hawasemezani uso kwa uso. Neno linapitia kwa mke, au mama anasema akigeukia ukuta. Mama Noëlla aliishika adabu hiyo miaka yote, hata siku ile alipopiga magoti kwenye vumbi kwa ajili ya Dany hakumshukuru Watson mwenyewe, alimshukuru Mungu. Siku ya tatu ya kilio alitoka ndani kwa wanawake, akavuka ua, wanaume wakainuka kwa mshangao, akaenda kusimama mbele ya Watson. Watson aliinama kutazama chini kama inavyopasa.

"Niangalie," mama akasema.

Akamwangalia.

"Dany alitaka kwenda kupigana, ukamukataza. Bale ba makafi balitaka kumupiga, ukabakataza. Reine alikupa shoka, ukakataa." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Minafikiri siku zote hizi niseme nini na weye. Sina kesi na weye, mwanangu. Haukuuaka mutu."

Watson alingoja, midomo imefunguka kidogo, maana sauti ya mama ilikuwa ya mtu ambaye hajamaliza. Mama Noëlla alijifunga kitenge vizuri, akageuka, akarudi alikotoka. Reine alikuwa mlangoni. Alimpisha mama yake apite, kisha akaingia nyuma yake, akamwacha mumewe amesimama uani.